Ekseli ya Nyuma ya Land Cruiser: Kazi ya Fundi Hupimwa Ikiwa Wazi

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 iliyoanza kutumika mwaka 1990, ni gari ambalo wengi katika Afrika Mashariki wamelipanda bila kulimiliki. Limekuwa gari la wagonjwa, gari la mradi, gari la polisi, na kule Arusha limerefushwa bodi likawa gari la watalii. Sifa ya injini yake imevuma kiasi kwamba mazungumzo mengi juu ya gari hili huishia kwenye boneti. Lakini mzigo haukai juu ya injini. Unakaa nyuma, juu ya ekseli, na gari lililokwisha kutembea miaka 20 au 30 kwenye barabara za vumbi litakuwa limefunguliwa ekseli hiyo mara kadhaa, na mafundi tofauti, kila mmoja akiacha alama yake humo ndani. Swali la mwenye gari ni hili: atajuaje kama kazi aliyofanyiwa ni nzuri?

Jibu la kawaida ni kwamba gari limetoka gereji kimya, halivuji, na spea zilizowekwa ni mpya. Yote matatu yanafurahisha, na hakuna hata moja linalothibitisha chochote. Beringi iliyokazwa kupita kiasi ni kimya kuliko iliyokazwa sawasawa, mpaka ipate moto. Sili mpya iliyopachikwa juu ya chuma kilicholika haivuji siku ya kwanza wala wiki ya kwanza. Krauni na pinioni, yaani meno ya difu, zilizopangwa vibaya zaweza kunyamaza mjini, zikaanza kulia ukishafika kilomita 80 kwa saa na mzigo mgongoni. Ninachoshikilia ni kwamba kazi ya ekseli hupimwa ingali wazi, kwa maswali mawili: kipuri kilichotolewa kimekufa kwa sababu gani, na kipya kimefungwa kwa kipimo gani. Fundi mwenye majibu ya maswali hayo ni fundi mzuri hata kama gereji yake ni kivuli cha mwembe. Asiye nayo amebadilisha vyuma, na ugonjwa ameuacha ndani.

Kabla ya kuhukumu, ujue kwanza unaangalia ekseli ya namna gani. Land Cruiser nyingi za kazi za mfululizo huu, pikapu na zile ndefu za kubeba watu, zina ekseli ya nyuma ambayo shafti yake haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na bomba la ekseli lenyewe, kupitia beringi mbili za roli za mteremko zilizo ndani ya habu. Kazi ya shafti ni kuzungusha tu. Utaitambua kwa kutazama katikati ya gurudumu: habu imechomoza nje, na juu yake kuna sahani ya shafti iliyofungwa kwa nati kuzunguka ukingo. Shafti ya namna hii yaweza kuchomolewa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne, bila jeki. Hilux na Hiace nyingi ni tofauti. Humo shafti inabeba uzito, beringi imeshindiliwa juu yake na kuzuiwa kwa pete, na pete hiyo ikiachia gurudumu linaweza kutoka pamoja na shafti. Kwenye ekseli hiyo ya pili swali la kwanza la ubora ni kama beringi na pete vimeingizwa kwa presi au kwa nyundo, na kama pete ni mpya. Mengi ya yanayofuata yanazihusu zote mbili, lakini mfano wangu ni ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayosamehe makosa mengi na kwa hiyo ndiyo inayoficha makosa mengi.

Anza na beringi ya zamani. Fundi bora haitupi kwenye ndoo ya chuma chakavu. Anaisafisha kwa dizeli, anaifuta, anaipeleka kwenye mwanga. Beringi iliyokufa ina maandishi yake, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kufundishwa kuyasoma. Rangi ya kahawia au buluu kwenye roli na njia yake ni joto: ama ilikazwa mno, ama grisi iliisha. Mikwaruzo myembamba inayozunguka njia nzima ni mchanga ulioingia, na mchanga hauingii pasipo sili kuruhusu. Madoa ya kijivu na kutu yaliyokaa kwa vipande ni maji. Alama zilizopangana kwa umbali sawasawa na umbali wa roli hadi roli ni kishindo, mara nyingi cha nyundo ya aliyeifunga mara ya mwisho. Ngozi ya chuma iliyobanduka upande mmoja tu wa njia, upande mwingine ukiwa bado unang'aa, inasema uzito haukugawanyika sawa, yaani kitu fulani hakikukaa wima. Na ukigeuza ganda la nje ukakuta mgongo wake umesuguliwa mpaka unang'aa, ujue lilikuwa linazunguka ndani ya habu, na tatizo si beringi bali ni tundu la habu lililopanuka. Hapo beringi mpya ya bei yoyote itazunguka vilevile.

Hivi ndivyo tofauti ya mafundi inavyoonekana. Fundi wa kwanza anakwambia, "Beringi imekufa, lete nyingine." Wa pili anakwambia, "Beringi imekufa kwa maji, tutafute yameingilia wapi." Wote wawili watanunua beringi ileile dukani, pengine kwa bei ileile, na gari litatoka gereji likilia sawa, yaani halilii. Lakini gari la kwanza litarudi masika yajayo.

Njia ya maji, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, huanzia kwenye kitu kidogo kuliko vyote katika ekseli nzima, nacho ni kipumulio. Juu ya bomba la ekseli kuna kifuniko kidogo, au mpira mwembamba unaopanda juu, unaoruhusu hewa iliyo ndani kutoka na kuingia. Ekseli ikitembea safari ndefu oili hupata joto na hewa hutanuka. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, hewa hiyo hutafuta njia nyingine, na njia dhaifu kuliko zote ni midomo ya sili. Oili inasukumwa nje, inalowesha grisi ya habu, na hatimaye inafika kwenye lainingi za breki. Kisha gari lenye ekseli ya moto linaingia mtoni, au linapigwa maji baridi ya kuoshea mara tu baada ya safari. Hewa ya ndani inasinyaa ghafla, na ileile sili iliyokuwa ikitoa oili sasa inavuta maji. Ukifungua oili ukaikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hayo ndiyo yaliyotokea. Mwenye gari amebadilisha sili mara tatu, amelaumu duka la spea, amelaumu fundi, na wakati wote huo ugonjwa ulikuwa kwenye kifuniko kinachosafishwa kwa waya na mafuta ya taa. Kwa hiyo, ukitaka kipimo kimoja cha haraka cha fundi anayeletewa ekseli inayovuja, mwangalie kama anagusa kipumulio kabla ya kugusa sili. Kwa gari linalovuka maji mara kwa mara, fundi makini atakipandisha kwa mpira hadi usawa wa bodi, na hatakuuzia kazi hiyo kama anasa.

Sili yenyewe ina elimu yake. Ekseli ya aina hii ina mbili kila upande: moja inazuia oili ya difu isifuate shafti, nyingine inafunga nyuma ya habu. Mdomo wa mpira ukisugua chuma mahali pamoja kwa miaka mingi, hukichimba. Pitisha kucha juu ya uso wa chuma pale sili inapokaa; kucha ikikwama kwenye mfereji, sili mpya ikiwekwa palepale itadumu muda mfupi. Fundi mzuri ama ataikalisha juu au chini kidogo ya mfereji ule, ikiwa nafasi ipo, ama atavalisha chuma pete nyembamba, ama atakwambia kipuri hicho kimechoka. Ataingiza sili kwa kipande cha bomba au kikalio kinachogusa ukingo wote kwa pamoja, na atapaka grisi kidogo kwenye mdomo ili isizunguke kavu mara ya kwanza. Ukiona alama za bisibisi kuzunguka sili mpya, au silikoni nyingi iliyofinyika nje ya sahani ya shafti kila upande, umeona mtu aliyekuwa anaficha. Silikoni ina mahali pake, lakini haizibi mfereji wala hainyooshi sahani iliyopondwa.

Na lainingi zilizolowa oili? Kuna desturi ya kuziosha kwa petroli, kuzipiga msasa na kuzirudisha. Lainingi hunyonya oili ndani, na breki zikipata moto oili hiyo hurudi juu. Upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Hapa sina nafasi ya maelewano. Kazi iliyorudisha lainingi zilizolowa ni kazi mbovu, hata kama kila kitu kingine kimepimwa.

Mtu atasema: mambo haya ni ya wataalamu, na ubora mwenye gari anaweza kuuona kwenye spea tu, kama ni orijino au si orijino. Ni kweli kwamba spea ina uzito wake, na sitaki kuonekana ninawatetea wauzaji wa bandia. Beringi za majina kama Koyo, NSK, NTN au Timken zina chuma na usahihi usiopatikana katika kitu cha robo ya bei, na boksi zuri si dhamana kwa sababu maboksi huigwa. Angalia maandishi kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye karatasi: namba ziwe safi na za kina kimoja, na ganda na roli ziwe za jina moja. Izungushe kwa kidole kavu, isikwaruze popote. Lakini fikiri jinsi spea inavyofanya kazi katika gari la zamani. Kwenye gari jipya, kila uso unaokutana na mwingine umetoka kiwandani siku moja. Kwenye gari la miaka 30, kipuri kipya kinakutana na nyuso za zamani: tundu la habu lililopanuka, mhimili uliochimbwa, studi zilizovutika. Orijino iliyowekwa juu ya uso mbovu itakufa kwa heshima, lakini itakufa. Umri wa gari, ambao wengi wanautumia kama kisingizio cha kutopima, ndio unaolazimisha kupima. Anayetembea kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Barabara ya Kirinyaga au Kisekka akitafuta orijino, kisha akamkabidhi asiyepima, amelipia nusu ya kazi.

Na kuna jambo ambalo mwenye gari asiye mtaalamu anaweza kulifanya bila elimu yoyote, nalo ni kuhesabu vilivyotoka. Beringi ya roli za mteremko ina sehemu mbili zilizoundwa ziende pamoja: ya ndani yenye roli, na ganda la nje linaloshindiliwa ndani ya habu. Kutoa ganda ni kazi ya nguvu, kwa hiyo fundi mvivu hubadilisha ya ndani na kuacha ganda la zamani. Roli mpya zinatembea kwenye njia yenye makovu, na katika kilomita elfu chache zimeshafanana nayo. Kwa hiyo habu moja iliyofanywa upya ikuachie mezani sehemu mbili zenye roli, maganda mawili, sili mbili na gasketi moja. Omba uonyeshwe vyote. Fundi wa kweli hakasiriki kwa ombi hilo. Mara nyingi atakuwa ameviweka kwenye boksi la beringi mpya akikusubiri.

Tuje kwenye kufunga, kwani hapa ndipo hoja ya mkono mzoefu inapotolewa. Wazee wa gereji husema kwamba aliyefunga habu mia nne hahitaji kipimo. Mkono wake unajua. Hoja hii isidharauliwe. Mkono uliozoea unatambua mchanga ndani ya beringi, unatambua gurudumu linalocheza likishikwa juu na chini na kutikiswa, unatambua uzi wa nati uliokwaruzwa kabla haujaharibika. Tatizo ni kwamba mkono unahisi ulegevu vizuri na unahisi ukazo vibaya. Gurudumu lililokazwa sawasawa na lililokazwa mno yote mawili hayachezi. Tofauti yao ni nguvu inayohitajika kuanza kulizungusha, na nguvu hiyo ni ndogo kiasi kwamba mtu aliyetoka kufungua nati za magurudumu kwa bomba la mita moja hawezi kuihisi kwa haki.

Utaratibu wa kiwanda si siri wala si mgumu. Grisi inaingizwa kwa kiganja kati ya roli mpaka itokeze upande wa pili. Habu inapakwa ndani kwa kiasi, haijazwi, maana grisi iliyozidi hupandisha joto. Nati inakazwa kwa nguvu huku habu ikizungushwa, ili roli zikae mahali pake. Habu inazungushwa tena mara kadhaa kwenda na kurudi. Nati inalegezwa mpaka igeuke kwa vidole, kisha inakazwa upya kidogo kidogo, na kila mara mizani ya ndoano inatiwa kwenye studi ya gurudumu na kuvutwa kwa mlalo. Unasoma mizani pale habu inapoanza kwenda, unalinganisha na kipimo cha kitabu cha modeli hiyo, ukiwa umetoa kwanza msuguano wa sili. Baada ya hapo nati inafungiwa isirudi nyuma, kwa namna ya ekseli hiyo, na kipimo kinarudiwa, kwa sababu kufungia kwenyewe huongeza ukazo. Mizani ya ndoano ni ileile inayopimia samaki na kuku sokoni. Anayesema vipimo ni ghali aulizwe kuhusu hiyo. Jambo moja la kutazama: fundi ambaye hazungushi habu wakati anakaza nati hajakalisha roli, na kila anachopima baadaye ni uongo.

Kisha shafti inarudishwa, na hapa kuna dalili inayoonekana kwa macho miaka mingi baadaye. Sahani ya shafti imebanwa kwenye habu kwa studi zenye washa za koni zilizokatwa upande mmoja. Nguvu yote ya injini inayoenda gurudumuni inapita kwenye mbano huo. Nati zikilegea, sahani inaanza kusogea kidogo kidogo, studi zinakatwa moja baada ya nyingine, na shafti inabaki inazunguka bila gurudumu. Vumbi jekundu la kutu linalochuruzika kuzunguka nati hizo ni chuma kinachosagana. Ukiliona, usisubiri safari. Kutoa washa hizo kunataka subira: unaacha nati ikishika uzi wa mwisho, unagonga kwa shaba au nyundo laini mpaka koni iruke. Aliyekosa subira hupiga sahani yenyewe kwa nyundo ya chuma au kuingiza patasi kati yake na habu. Makovu ya patasi kwenye ukingo ule ni cheti cha mtu aliyepita hapo, na mahali pa kuvuja baadaye. Mimi nikitazama ekseli nisiyoijua historia yake, pale ndipo ninapoanza.

Difu ni sura nyingine, na ndiyo inayokula fedha. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, na huuzwa pamoja. Pinioni ya seti moja na krauni ya seti nyingine hazitakaa kimya, hata kama zote ni mpya. Kwenye magari mengi ya 1HZ yenye gia za mkono uwiano ni 4.11, yaani meno 37 ya krauni kwa meno 9 ya pinioni. Namba hizo hazikuchaguliwa ovyo: 37 na 9 hazina kigawo cha pamoja, kwa hiyo kila jino la pinioni hukutana kwa zamu na kila jino la krauni, na ulaji unagawanyika. Lakini uwiano una jambo kubwa zaidi kwa mnunuzi. Difu ya nyuma iliyotoka gari jingine yaweza kuingia na kufunga vizuri kabisa huku ina uwiano tofauti na ya mbele. Gari litatembea bila dalili mpaka siku dereva atakapoingiza magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, na hapo mbele na nyuma zitaanza kushindana ndani ya gia. Fundi anayekuwekea difu bila kuhesabu meno amekubahatishia.

Kupanga krauni na pinioni kunahitaji vipimo vinne vinavyotegemeana: kina cha pinioni, ukazo wa beringi zake, uchezaji kati ya meno, na ukazo wa beringi za pembeni. Uchezaji wenyewe kwa difu za ukubwa huu huwa takribani milimita 0.15 hadi 0.20, kiasi ambacho hakuna kidole kinachoweza kukiapia. Hapa ile hoja ya mkono inakwisha kabisa. Bila saa ya kupimia uchezaji huo hakuna kazi. Ushahidi ambao mwenye gari anaweza kuudai ni picha ya rangi: meno machache yanapakwa rangi, difu inazungushwa huku inazuiliwa kidogo, na mguso unaonekana. Ukiwa katikati ya uso wa jino, bila kukimbilia ncha wala shina, umepangwa. Piga picha kwa simu. Difu iliyopangwa vibaya husema baadaye: ikilia wakati wa kuvuta na kunyamaza ukiachia mafuta, au kinyume chake, mguso umeegemea upande mmoja wa jino. Mngurumo unaobadilika gari linapokata kona kushoto au kulia ni jambo la beringi za magurudumu. Na ule mdundo wa kuanza mwendo ambao wengi huutupia difu, mara nyingi unatoka kwenye krosi za propela, kwa hiyo fundi aliyeifungua difu kabla ya kutikisa propela amekugharimu bure.

Kutokana na hayo natoa hukumu ambayo wauzaji wa vipya hawataipenda: difu nzima iliyotumika, iliyopangwa kiwandani na isiyowahi kufunguliwa, ni bora kuliko seti mpya iliyopangwa kwa makisio. Zile zinazoletwa zikiwa zimetumika, za Japani au zinazopitia Sharjah, zina hatari zake. Zungusha pinioni polepole usikie kama inakwama, kagua meno yote na siyo matatu yaliyo karibu nawe, vuta pinioni juu na chini. Lakini ukizikuta safi, chukua hizo, na seti mpya uiweke kwa siku utakapompata fundi mwenye saa.

Springi nitazipita haraka. Yubolti zikishafunguliwa zimevutika; mpya ni bei ndogo, na zinataka kukazwa tena baada ya gari kutembea na mzigo kilomita mia chache. Senta bolti ikikatika ekseli husogea, na utajua kwa kupima kwa utepe umbali kutoka ekseli hadi kikalio cha mbele cha springi, kulia na kushoto. Bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unasokotwa siku gari linaposhushwa na unaanza kuchanika hapo hapo. Na kama sili ya upande mmoja inakufa kila mara huku ya upande wa pili inadumu, acha kununua sili. Pima tairi za nyuma: weka alama ya chaki katikati ya kila tairi upande wa mbele, usawa wa ekseli, pima umbali, sukuma gari mpaka alama zifike nyuma, pima tena. Tofauti inayoonekana wazi ina maana bomba la ekseli limepinda, na hapo mazungumzo yanahama kwenye sili na kwenda kwenye kunyoosha au kubadilisha bomba.

Pingamizi kubwa limebaki, na ni la haki. Gari la kazi halina muda. Gari la watalii likilala gereji siku mbili katikati ya msimu, au la wagonjwa likikosekana wilayani, hasara haipimwi kwa saa ya fundi. Lakini hesabu vizuri ni kazi gani iliyoongeza muda. Kusafisha kipumulio ni dakika kumi. Kutazama beringi ya zamani kwenye mwanga ni dakika tano. Kupima habu kwa mizani ni robo saa kwa kila upande. Kinachochukua siku nzima ni difu, na difu isiyopangwa italala tena gereji, safari hii ikivutwa. Mwenye gari anayemharakisha fundi aache kumlaumu kwa kukisia, kwani amenunua makisio. Alipe kazi ya mikono kando na bei ya spea, ili fundi asiwe na sababu ya kupata riziki yake ndani ya spea, na amwambie mapema kwamba atahitaji kuona vipimo vilivyoandikwa.

Upimaji wa mwisho unafanyika nje ya gereji. Oili iliyowekwa iwe ya GL-5, ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu meno ya difu hii husuguana kwa kuteleza na oili ya gia ya kawaida haivumilii. Mtazame fundi anapoanza kumwaga: aliyefundishwa vizuri hufungua kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia, maana kizibo cha juu kikigoma utabaki na difu tupu isiyojazika. Baada ya kilomita 1,000 hivi, rudi oili imwagwe. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa meno mapya; chembe unazoweza kuzihisi kati ya vidole si za kawaida, na difu ifunguliwe siku hiyo. Kabla ya hapo, siku ya kwanza, tembea kilomita 20 au 30 kwenye barabara iliyo wazi, ukitumia breki kwa uchache, usimame kwa kuacha gari lipungue lenyewe, kisha shika habu ya kushoto na ya kulia, ukikaribisha mkono kwanza kwa tahadhari. Uvuguvugu unaolingana ni sawa. Moja ikiwa ya moto na nyingine vuguvugu, usiikimbilie beringi: inua gurudumu la moto, legeza breki yake mpaka izunguke bila kugusa, rudia safari ileile. Joto likirudi na breki haigusi, nati ya upande huo imekazwa mno, na gari lirudi kwa fundi kabla halijabeba mzigo.